Kumtafuta Mwenye Maiti Södertälje

Sikwenda Sweden kutalii. Nilikwenda kutafuta saini ya shemeji yangu Momade, mume wa marehemu dada yangu Somoe. Somoe alizikwa kijijini kwa mumewe, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma kutoka kwetu Mtwara. Baadaye gesi ikagunduliwa baharini kule, na tangazo likabandikwa: kijiji kinahamishwa, na kaburi lisilo na mwenyewe litasawazishwa. Sisi tulitaka dada aletwe alale karibu na mama. Ofisi ikasema mwenye kauli ni mume, na mume kila tukimpigia simu anasema "tutaongea", kisha anakata.

Mwezi wa Machi zamu ikaniangukia. Shule ninayofundisha ina urafiki na shule moja ya Stockholm, na kila mwaka mwalimu mmoja huenda. Nilifunga begi, nikaiweka karatasi ya ridhaa ya kuhamisha kaburi, ya Kireno, ndani ya msahafu isije ikakunjika. Nilibeba na hasira pia, nisifiche. Momade hakuwepo kwenye mazishi ya mkewe, na miaka yote ile hakuwahi kutueleza kwa nini.

Sundbyberg, pembeni mwa Stockholm, nilipolala siku zote nne, mwenyeji wangu alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Uvira anayepika katika shule ile. Binti yake nilimsalimia kwa Kiswahili, akamjibu mama yake kwa Kiswidi. Nilipomtaja Momade, mama alitua mwiko.

"Ule mzee wa Södertälje? Namujua. Anakujaka ku mikutano yetu ya Waafrika, anaikala nyuma, haseme kitu. Umuendee polepole, papa."

Jumamosi asubuhi nikapanda treni ya Södertälje. Theluji pembeni mwa reli ilikuwa imechafuka. Momade alinisubiri stesheni, kofia mkononi na kichwa wazi kwenye baridi ile, kama mtu aliyekuja msibani. Alikuwa amestaafu kiwanda cha malori, alikoajiriwa tangu alipokimbia vita vya kwao. Tulishikana mikono, tukaenda kwake.

Nyumbani alichemsha chai, akaanza kuuliza habari za mbali, kama wafanyavyo wanaoogopa za karibu.

"Wanasema Maputo imejaa maghorofa."

"Imejaa."

"Na sisi wa kaskazini tumepata nini?"

"Tangazo," nikamjibu, na nilitaka limuume.

Hakukasirika. Baada ya uhuru Momade alikuwa katibu wa chama wilayani, kijana mwenye sauti, akizunguka kwa miguu kuhubiri maendeleo.

"Nilianza mimi, mwalimu," akasema. "Niliwahamisha watu kuwaingiza vijiji vya ujamaa. Nikawaambia shule itakuja, zahanati itakuja. Halafu vita ikawahamisha. Sasa gesi. Kila anayetaka kutuendeleza anaanza kwa kutuhamisha."

Nikamwekea karatasi mezani. Akaisoma yote, akarudia tena.

"Pale alipo Somoe patakuwa nini?"

"Barabara. Wameshaanza kuichonga."

Alicheka kidogo. Kisha kicheko kikageuka, akajifunika uso kwa viganja. Sikuwahi kumwona mwanamume wa umri ule akilia hivyo.

"Estrada," akasema. "Barabara. Unajua siku ile nilikuwa wapi?"

"Tuliambiwa unahutubia Pemba, ile ya kwenu Msumbiji."

"Nilikuwa Pemba, nimesimama mbele ya wakubwa, naomba barabara. Wakanipigia makofi. Habari ilinifikia siku ya nne."

Mimi siku ile ninaikumbuka. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia dada, uchungu wa uzazi ukamshika kabla ya siku zake. Tulimbeba juu ya kitanda cha kamba kumpeleka zahanati, watu wanne, mvua inanyesha, matope magotini. Alikata roho njiani na mtoto tumboni. Miaka yote nimemchukia Momade kwa safari ile, naye alikuwa anaililia njia ileile. Nilimshika bega tu.

Nikampa kalamu. Akairudisha.

"Siku ya kuzika, walipouliza mwenye maiti yuko wapi, nani aliitikia?"

"Mimi."

"Basi mwenye maiti ni wewe. Mimi sina uso wa kumhamisha tena mtu."

Kisha akaichukua tena kalamu, nyuma ya karatasi akaandika kwa Kireno kwamba kauli ananiachia mimi, akatia saini chini yake. Nilikuja kumtwisha mzigo, akanitwisha. Alinisindikiza hadi stesheni na hakutaka kuondoka mpaka treni ikaondoka.

Mtwara nilikaa wiki moja, kisha nikavuka Ruvuma pamoja na shehe wetu, aliyeruhusu jambo lile kwa dharura. Ofisa akaisoma karatasi, akauliza mwenye maiti ni nani. Nikainua mkono. Tulichimba kwa majembe, na dada yangu akatosha katika shuka moja.

Watu wataniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba maendeleo huja kweli, tena huja kwa kishindo, lakini hayaulizi nani alitangulia kuyaomba. Tulimpakia Somoe kwenye gari dogo, tukashika kipande cha barabara kilichokwisha kuchongwa. Dereva hakuharakisha. Tulifika mbele ya zahanati, ile ambayo dada yangu hakuifikia, kwa robo saa.