Nguzo Zilizochipua Lukole

Wezi waliiba uwanja wangu wa mazoezi wakaupikia maharage. Sisemi kwa utani. Miaka ile ya wakimbizi wa Burundi nilikuwa fundi seremala kijana, mzaliwa wa Ngara, na zahanati ya kambi ya Lukole ilinipa kazi ya kutengeneza mahali pa wazi pa kufanyia mazoezi, pa kumfaa kila mtu: aliyekatwa mguu, mzee wa magoti, mtoto aliyepooza, hata mzima aliyechoka kukaa bure. Nikachimbia nguzo za mkaratusi, juu yake nikapigilia fito laini za kushikilia mtu akitembea katikati. Njia moja ilikuwa ya watu wazima, nyingine fupi ya watoto, zote pana za kupitisha kiti cha magurudumu. Niliringa nazo sana.

Hazikumaliza wiki. Kuni kambini zilikuwa shida kuliko unga, na asubuhi moja nikakuta mashimo matupu. Nikajenga tena, wakang'oa tena. Nikazunguka kwenye vibanda nikinusa moshi na kutukana kwa Kihangaza, lugha yetu iliyo jirani na Kirundi, nikisahau kwamba Warundi wanakisikia vizuri. Walinicheka.

Mama mmoja hakucheka. Bomu la ardhini lilimkata mguu chini ya goti alipokuwa akikimbia kutoka kwao, na zahanati ilikuwa imempa wa bandia ambao bado ulimshinda. Habari zilimfikia kwamba shemeji zake wanataka kugawana shamba la marehemu mumewe, maana kilema hatalima. Akaapa kwamba siku ya kurudi hatapakiwa kwenye lori kama gunia. Atapanda mwenyewe, na shemeji zake watamwona akiingia kwake kwa miguu. Kila fito zilipoibwa, yeye alirudi kukaa mkekani, na mimi roho iliniuma.

Ndipo nikakumbuka ua wa nyumbani kwetu. Baba aliuzungushia mivumu, miti jamii ya mkuyu: unakata kijiti, unakichomeka ardhini, kinachipua. Mti mbichi hauwaki, unatoa moshi tu. Tena kwetu na kwa Warundi mvumu uliopandwa ni alama ya mji wa mtu, kwamba hapa pana mwenyewe, hata mwizi anauogopa. Nikaipanda badala ya nguzo, safari hii njia kadhaa, bila fito, imekaribiana kiasi cha mkono kuacha mmoja na kushika wa pili. Ya watu wazima niliikata usawa wa kiuno, ya watoto chini zaidi. Mvua ikanyesha, mivumu ikachipua. Hakuna aliyeigusa.

Nikamwita yule mama kwa furaha. Nikampa shikamoo. Aliangalia majani yale.

"Mwanangu," alisema, "mvumu hupandwa na mtu anayekaa. Mimi sikai."

Akageuza magongo yake akaondoka. Nilikasirika. Fadhila ya punda ni mateke, nikajisemea.

Wazee walikuja, wajawazito walikuja, watoto wakaning'inia mpaka nikawafukuza. Kisha asubuhi moja nikamkuta yeye, peke yake, njia ya mwisho. Kabla ya kuweka mkono kwenye kijiti alichuma kwanza chipukizi zake zote, akazitupa, ndipo akashika na kusogea. Nilipomuuliza, alijibu kwamba kikiwa hakina majani ni kijiti tu, si mji. Kila siku alifanya hivyo, na njia yake ikabaki tupu kati ya zilizofunikwa majani. Mwanzoni alishika kwa mikono miwili. Baadaye mmoja. Mwishowe vidole vilipita juu tu.

Siku ya malori alikuja na mzigo kichwani, bila magongo. Alikuwa hajaja siku kadhaa kwa maandalizi ya safari, na njia yake ilikuwa imechipua. Akapita katikati mwanzo hadi mwisho, mikono yote miwili imeshika mzigo. Mimi, niliyezoea kumwona akichuma, nikainama nianze kumchumia.

"Acha," alisema. "Wewe si unakaa?"

Nikasema ndiyo, nakaa. Akaenda kwenye lori, akampa mtu mzigo, akashika chuma cha nyuma, akatanguliza mguu mzima, akauvuta wa bandia, akapanda. Nililia mbele za watu, na chipukizi moja niliyokwisha kuichuma ilikuwa bado mkononi.