Reli Mbili za Nyumba Yangu

Bwana yangu Zéphirin alikuwa mfunga freni wa garimoshi la kiwanda cha mchele, huku upande wa Nyangwe. Ukimuuliza kazi yake leo, na miguu imeshamchoka, atakujibu hivyo hivyo. Halikuwa garimoshi la serikali. Lilikuwa la kompani, dogo, linabeba mpunga kutoka mashambani, linakata bonde la matope mpaka kiwandani, kisha linashusha mchele mtoni Lualaba. Abiria hapana. Hata mimi, mke wa mtu wa freni, nilitembea kwa miguu.

Kabla ya kuachia freni aligonga reli kwa jiwe, ili walio mbele wajiondoe njiani. Ndiyo ilikuwa desturi yao.

Vita ilipokuja, kompani ikaenda zake bila kuaga. Wafanyakazi wakang'oa reli, wakagawana. Moja ikawa kengele ya kanisa. Zéphirin alipata mbili, akazisimamisha katikati ya nyumba yetu zibebe paa. Nguzo za majirani zinaliwa na mchwa, nyumba yangu haijayumba hata siku moja. Kila asubuhi aligonga reli moja ndipo atoke. Nilimtania, nani yuko njiani humu ndani, kuku?

Mwaka jana wakulima wakafungua kiwanda tena, kwa mashini ndogo ya mazuti, yaani dizeli. Lakini mpunga ulikuja mgongoni kwa wanawake, ndani ya makapu, kamba imepita kwenye kipaji cha uso, miguu inazama matopeni. Binti yetu Carine ni mmoja wao. Basi koperative ya wakulima hao ikaanza kukusanya reli nyumba kwa nyumba, izilaze tena bondeni, vigari visukumwe kwa mikono. Hata kengele ikashushwa. Padri sasa anaita watu kwa ngoma. Zikakosekana mbili tu. Raphaël, mkubwa wa koperative, akaja kwetu, akakaa, akaangalia paa.

Zéphirin alikubali kabla ya kuulizwa. Mimi nikakataa. Nilimwambia Raphaël akang'oe nyumba ya mama yake kwanza. Wakati wa vita nililala porini chini ya bashi, turubai la wakimbizi, na uzeeni nilale chini ya bashi tena? Nililia kwa hasira, sioni haya kusema.

Jioni Carine akarudi, nikamfungua kitambaa cha kichwa ili aoge. Kamba ilikuwa imechimba mfereji kwenye kipaji chake. Nikashika changu. Ni laini. Ujana wangu wote, mpunga wangu ulipanda garimoshi la bwana yangu.

"Baba Carine," nikasema, "waambie waje. Lakini vyombo vyangu nitatoa mwenyewe."

Sasa tunalala chini ya bashi, na mvua ikinyesha ninamkumbusha Zéphirin kila tone. Siku ya kwanza ya mavuno tulikuwa tumekaa nje, mimi ninalalamika, akanyanyua mkono ninyamaze. Kutoka bondeni tukasikia reli inagongwa. Carine ndiye aliyeshika freni.

Alifika kwetu miguu mikavu, kichwa wazi. Zéphirin akalia kama mtoto, na mimi nikalia pembeni yake. Halafu nikafuta macho.

"Carine, kigari kinarudi shambani tupu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kikija tena, mniletee miti ya nyumba yangu."