Kuonja Parachichi

Juzi, katika duka kubwa mjini Moshi, binti mmoja alikuwa akigawa vipande vya soseji, wateja waonje bure. Mtoto mmoja aliporudi mara ya tatu, nikakumbuka soko la Pasua, harufu yake ya ndizi mbivu na vumbi.

Nilipokuwa mdogo, mimi na mama tulikuwa tukienda sokoni mchana, majiko ya majirani yalipoanza kunukia. Wauzaji walitukatia vipande. "Onja wewe," mama aliniambia, "ulimi wako unajua kuchagua." Nilitafuna taratibu kama hakimu. Kisha mama alisema, "Ngoja kwanza tuzunguke," tukarudi nyumbani bila kununua kitu.

Siku moja nilimwamkia bibi muuza maparachichi. "Marahaba, mjukuu wangu. Si hata jana ulionja?"

"La jana halikuwa tamu," nikamjibu.

Hakukasirika. Alichagua parachichi kubwa, akaniwekea mkononi. "Basi hili mkalionjee nyumbani."

Mama alishukuru huku ameinamisha uso. Lilikuwa tamu kuliko yote niliyowahi kula.

Hatukupita tena kwa bibi yule. Niliamini mama amekubaliana na ulimi wangu kuhusu lile la kwanza, kwamba hilo tamu lilikuwa bahati tu, na mtaani nikawatangazia wenzangu kwamba maparachichi yake hayafai.