Kubadilishana Bibi

Barua ya shule ilinikuta mwaka wangu wa tatu wa sekondari, hapa Reynoldsburg, miezi michache baada ya kuhama kutoka Louisville. Baba na mama walikuwa kazini, baba kwenye ghala, mama kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Niliisoma barua mbele ya bibi yangu mzaa baba, ambaye wote tulimwita Koko. Ilisema alama zangu ni nzuri na ninaalikwa kujiunga na chama cha wanafunzi bora. Kwa Kiingereza jina la chama hicho lina neno heshima ndani yake, nami nikalitafsiri hivyohivyo.

"Chama cha heshima?" Koko akauliza. "Wewe?"

"Ndiyo, Koko."

"Bon. Hao bazungu banakujua kweli? Juzi mama pasta aliingia hapa, ukamusalimia na kidole, macho ku simu."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kitenge. Nilimweleza kwamba hiyo ni heshima ya masomo, si ya kusalimia watu. Akasema yeye anajua heshima moja tu.

Barua ilikuwa na sharti. Kabla ya sherehe, kila mmoja awe ametumikia jamii kwa saa ishirini, na aliyehudumiwa atie saini. Sikuona shida yoyote. Tangu nina miaka tisa nilikuwa mkalimani wa Koko kliniki, duka la dawa na kila ofisi yenye foleni. Nilijaza fomu pande zote mbili kwa jioni moja. Mwalimu msimamizi, mwanamume mpole mwenye tai ya picha za bata, aliisoma yote taratibu, akanirudishia.

"Huyu ni bibi yako?"

"Ndiyo."

"Basi haihesabiki. Hiyo ni familia. Jamii ni watu wengine."

Nyuma yangu alisimama rafiki yangu, msichana wa Kirundi aliyekulia kambini Tanzania, naye ameshika fomu iliyojaa bibi yake. Akauliza, "Na bibi wa mtu mwingine je?"

Mwalimu akafikiri. "Huyo anahesabika."

Tulitazamana. Kabla basi la shule halijatufikisha nyumbani, mambo yalikuwa yamekwisha. Jumamosi mimi ningeenda kwa bibi yake, na yeye angekuja kwa Koko. Tuliishi kwenye fleti zilezile, majengo mawili tu kati yetu.

Bibi yake alinipokea kama mtu aliyeleta posa. Alikuwa mama mnene wa sauti ya chini, mwenye Kiswahili kilichonyooka cha Kigoma. Nilimsomea barua za bima, kisha nikampeleka dukani kumfundisha zile mashine za kujilipia mwenyewe. Kila mashine ilipotoa sauti, aliijibu. "Asante mama, ninaweka," aliiambia, na kuweka nyanya kwenye mfuko kwa adabu.

Nami kwake nilikuwa mtu mwingine. Nilimpa kikombe kwa mikono miwili. Nilimwamkia shikamoo nimepiga magoti, ingawa kwetu Wakongo neno hilo halina kazi sana. Niliporudi nyumbani nilimkuta Koko amenyoosha miguu juu ya kiti, sombe, yale majani ya muhogo, imetwangwa, jiko linang'aa.

"Ule mutoto," akasema, "aliniuliza nimelala namna gani. Na akangojea jibu."

Shida ilianzia kwenye fomu. Nilipomaliza saa mbili za kazi, bibi wa rafiki yangu aliandika nane.

"Lakini Bibi, ni mbili tu."

"Na theluji uliyoikanyaga? Na huo moyo wako?"

Koko naye hakuwa mtu wa moyo. Rafiki yangu alipodai saa tatu, Koko alikunja vidole kimoja kimoja. "Ulichelewa dakika kumi. Ulikula, na kula si kazi. Ulijibu simu mara mbili. Donc, ni saa mbili na kitu kidogo." Kisha akaanza kutia saini. Alikuwa amejifunza kuandika jina lake kwenye darasa la Kiingereza, na kila herufi aliipitia kama anashona. Rafiki yangu aliuliza, kwa adabu sana, kama dakika za kungojea saini zinahesabiwa. Koko akaweka kalamu chini, akawaza.

"Zile, ndiyo."

Baada ya Jumamosi nne, mimi nilikuwa na saa thelathini na mbili. Rafiki yangu alikuwa na tisa. Mwalimu alituita.

"Mlianza siku moja," alisema. "Imekuwaje?"

"Mabibi wanatofautiana," nikajibu.

Kosa langu lilikuwa kumsimulia Koko. "Saa nane? Ule mama anakupatia saa kama bonbon za batoto!" Akavaa koti juu ya kitenge, akaingiza miguu kwenye buti za baba, akatoka. Nilimfuata mbio. Yeye na bibi wa rafiki yangu walijuana kwa salamu za kwenye masanduku ya barua tu. Walisali makanisa tofauti, na kila mmoja aliamini kwaya ya mwenzake ni kelele.

Bibi alitufungulia mlango. Rafiki yangu alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu usoni, soksi zake sakafuni, kikombe kichafu juu ya tumbo.

Koko akamnyooshea kidole. "Ni huyu anatwanga sombe yangu?"

"Anatwanga?" Bibi akashangaa. "Hapa hata hicho kikombe haoshi!"

"Na huyu wangu?"

"Wako? Ananiamkia kwa magoti."

Koko akanigeukia polepole, akanikagua kuanzia kiunoni kwenda chini. "Kumbe eko na magoti!"

Wakaketi. Wakanywa chai, wakatujadili kana kwamba hatupo, na sisi tumesimama kando ya friji kama wezi. Chai ilipoisha kulikuwa na sheria mpya. Saa zote zitahesabiwa kwa kipimo cha Koko, na zangu zishuke mpaka tisa. Tena, kazi yoyote tutakayomfanyia bibi wa mwenzetu Jumamosi, tutairudia Jumapili kwa bibi yetu wenyewe, bila saini.

"Familia haihesabiwe," Koko alisema. "Mwalimu alisema."

Jumapili ya kwanza niliona haya hata kufungua mdomo. Mwishowe nilimuuliza Koko amelalaje, nikakaa. Alinijibu kwa dakika ishirini. Kumbe halali mpaka asikie ufunguo wa mama mlangoni, na goti linamsumbua tangu Uvira, kwetu Kongo. Kliniki nilikuwa nimelitafsiri goti hilo mara kumi, kwa neno moja, nikiangalia saa.

Sherehe ilifanyika majira ya kuchipua, saa ishirini zimetimia kwa kipimo cha Koko. Tulishika mishumaa ya betri, tukala kiapo, kisha kila mmoja akaitwa jukwaani ili mtu wa familia ambandike beji. Jina langu liliposomwa, Koko na Bibi walisimama pamoja. Bibi, pamoja na unene wake, alinifikia wa kwanza. Koko akakunja mikono hapo njiani, akasubiri mpaka rafiki yangu alipoitwa, akambandikia beji yake kwa vigelegele vilivyomfanya mkuu wa shule ashike sikio.

Mwalimu wa bata alikuwa ameinamia karatasi yake. "Samahani," akaninong'oneza, "huyu aliyekubandika beji ndiye bibi yako?"

"Huyu ni wa jamii," nikamjibu.

Kiangazi kile mjomba wa rafiki yangu aliwapatia nyumba mji wa Buffalo, mtaa wa Riverside, karibu na kiwanda alichofanyia kazi. Siku ya kuhama tulibeba masanduku tangu asubuhi. Lori lilipowashwa, Bibi alinikumbatia akilia, akiniuliza nani sasa atamsomea barua. Upande wa pili Koko alikuwa amemshika rafiki yangu mashavu, akimwagiza kuvaa soksi mbili, akimtilia mkononi mfuko wa unga wa fufu. Dereva alipiga honi mara tatu. Bibi akapandishwa, rafiki yangu akaruka nyuma yake, lori likaondoka.

Lilipofika kwenye taa za barabarani ndipo simu yangu ikalia. Rafiki yangu alikuwa ameandika kwamba mimi na yeye hatujaagana.