Mimi Nimeongezwa Mara Mbili, Kuti la Mama Limebaki Palepale

Admin, nifiche jina. Maringo yangu waachie wasome, hayo kijiji chetu kizima cha Bongwe kinayajua. Nina miaka ishirini na sita, sijaoa, na shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu mimi na hesabu tulikuwa hatusalimiani. Kazi yangu ni kuezeka makuti. Ukifika Diani ukaona paa la hoteli limenyooka kama limepigwa pasi, usiulize fundi nani. Na kama linavuja, basi aliezeka mwingine.

Mama yangu naye yumo katika kazi hii, ila yeye yuko chini. Kwetu mwanamke hushona, mwanamume huezeka. Yeye na wenzake wanane hukaa uani kwetu, wanakunja majani ya mnazi juu ya kijiti na kuyashona, na hulipwa kwa kila kuti. Sisi wa juu hulipwa kwa siku. Ndivyo nilivyoyakuta mambo, sikuwahi kuuliza.

Mwezi uliopita bosi wetu, mkandarasi kutoka bara, alituongezea malipo ya siku sisi mafundi tunaomwezekea hoteli mpya. Ni mara ya pili tangu nianze kazi hii miaka mitano iliyopita. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikawakuta kina mama uani, nikaanza kujisifu. Mama akaniambia, "Hongera, mwanangu. Na sisi je, hakututaja?"

Hapa ndipo ninapoungama. Mbele ya wenzake wote nilimjibu, "Mama, nyinyi mmekaa kivulini mnapiga soga. Kazi ya kukaa itapandishwaje?"

Mama aliinamisha kichwa akaendelea kushona. Aliyecheka ni jirani yetu mmoja, mama wa makamo mwenye ulimi kama wembe. "Haya, fundi wa mbinguni. Kesho Jumapili hupandi. Njoo ukae na sisi."

Nikaenda, tena nimevaa shati safi, nikijua nitawaaibisha. Kufika adhuhuri mama alikuwa na makuti arobaini na kitu. Mimi nilikuwa na saba, na mawili kati ya hayo yule jirani aliyafumua, akisema hata kuku atakataa kulala chini yake. Vidole vimenichanika, kiuno kinawaka. Nikainuka nijinyooshe. "Kaa, baba," jirani akaniambia. "Soga bado hatujaanza."

Mama ndipo akaniuliza taratibu, "Ulipoanza kazi, siku yako moja ilinunua paketi ngapi za unga?"

Nikakumbuka. Saba.

"Na leo, umeshaongezwa mara mbili, inanunua ngapi?"

Nikapiga hesabu moyoni, nikairudia kwa vidole, nikaomba simu ya jirani nihakikishe. Saba. Pesa zimeongezeka, paketi ni zilezile. Nilikuwa nashangilia kusimama mahali pamoja.

"Mimi wakati ule nilishona makuti ishirini nikapata paketi," mama akasema. "Leo nashona thelathini kwa paketi ileile. Bei ya kuti haijaguswa, unga ndio umekimbia."

Sikuamini, nikampigia rafiki yangu mhudumu wa hoteli, yule anayevaa tai na kutuita sisi watu wa vumbi. Yeye hulipwa kwa mwezi, huongezwa kwa barua yenye muhuri. Nikamwambia agawanye mshahara wake kwa unga, wa zamani na wa sasa. Alipomaliza kugawanya akasema, "Ndugu yangu, mbona unaniharibia Jumapili?" Kumbe naye amerudi nyuma na tai yake. Lakini hakuna kati yetu aliyerudi nyuma kama kina mama.

Jumatatu nikamfuata bosi, nikamwambia kuti lipande bei. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi. "Kijana, hao wamama wanashona wakichunga watoto. Hiyo ni kupitisha muda tu. Sikiza, wewe uko na kichwa. Nakupa usimamizi wa hii site yote, mshahara wa mwezi. Kazi yako ya kwanza, enda uwaambie bei ni ileile mpaka hoteli iishe."

Mafundi wenzangu wakanivuta kando. "Chukua, we mjinga. Ukiwatetea hao, kitakachoongezwa kwao kitakatwa kwetu." Nikawauliza, "Kwani nyinyi mama zenu hawashoni?" Mmoja akaokota panga lake akaondoka. Hatujasemezana tangu siku hiyo.

Nyumbani nilimweleza mama yote na nikamwomba radhi kwa lile neno langu. Akasema, "Radhi unayo. Ukikichukua cheo nitakupikia pilau, wewe ni mwanangu. Lakini hiyo bei usinitangazie wewe. Mtume mtu mwingine." Afadhali angenipiga.

Sasa makuti yote ya hoteli hiyo yamerundikwa uani kwetu, na Jumamosi lori linakuja kuyachukua. Nikikubali usimamizi, mimi ndiye wa kuyapakia. Nikikataa, nitakaa langoni mwa ua wetu pamoja na kina mama tuyazuie makuti, lori lirudi tupu, na wageni wa hoteli wahesabu nyota wakiwa kitandani. Tena hapo kazi sina, na mama ni mjane, tunategemea mikono yetu hii tu. Wako wanaoniambia nichukue cheo kwanza, nikishaingia ndani ndipo niwapandishe. Mimi sijasoma, lakini waliosema hivyo kabla yangu nawajua, na bado wako ndani.

Moyo wangu uko langoni, siwafichi. Lakini nyinyi mmeona mengi kuliko mimi. Nipeni la kufanya kabla ya Jumamosi: nipakie au nizuie? Ila anayetaka kunishauri nimwambie mama avumilie, asiandike hapa. Aje Bongwe amwambie mwenyewe, mimi nitamwonyesha njia.