Kanyaga Breki Kabla ya Kuwasha

Ipo siku moja isiyonitoka kichwani, nayo ndiyo itakayokujibu. Mwanangu, jana ulinisalimu vizuri, lakini kabla sijamaliza kuitikia marahaba ukaniwekea simu sikioni nisikie Landrova kuukuu inayouzwa Msambweni. Wataka kuinunua, uifufue, uiuze. "Mzee, isikie inavyonguruma! Imelala miaka na miaka!" Nimeisikia. Sasa nisikie mimi.

Shule niliionja tu, sikuimeza. Karakana hii ya Ukunda sikuirithi wala sikupewa. Nimeijenga kwa spana. Usione vyaelea, vyaundwa.

Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimejitenga na fundi aliyenifunza, nikajiona hakuna mwingine Kwale nzima. Bi Mwanakombo wa Mkongani, kule mlimani, akaniita nimtazamie Pijo ya marehemu mumewe, aliyekuwa dereva. Gari lilikuwa bandani tangu mwenyewe afariki. Kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini, mwanawe huliwasha lingurume kidogo kwa kumkumbuka baba, kisha hulizima. Kutoka bandani, halikutoka. Sasa paa la nyumba lilikuwa likivuja, masika yako njiani, na bibi ameamua kuuza. Mnunuzi alikuwapo tayari, bwana mmoja wa Diani mpeleka mboga mahotelini, naye alitaka kushuka nalo mlima jioni ile ile.

Nikaliwasha. Likaitika papo hapo. Nikafuta mikono ambayo wala haikuchafuka, nikatangaza, "Gari zima hili!"

Bi Mwanakombo alikuwa barazani akichambua kunde. Akaniuliza bila kuinua uso, "Mwanangu, umelitazama au umelisikiliza?"

"Bibi, si unasikia mwenyewe?"

"Hiyo naisikia kila Ijumaa. Hebu kanyaga breki."

Nikakanyaga. Pedali ikazama mpaka chini, kama mguu kwenye tope la mpunga, isirudi.

Mnunuzi akaangua kicheko. "Lo, fundi! Kumbe leo ulitaka kunizika!"

Nami, kwa jeuri ya ujana, nikasema breki ni kitu kidogo, nitaitengeneza huko chini Ukunda.

Hapo bibi akaweka ungo chini. "Kidogo? Kaburi nalo ni dogo, na mtu mzima huingia. Mume wangu alikuwa haushuki mlima huu bila kukanyaga breki papa hapa uwanjani. Wewe wataka mwana wa watu akaijaribu bondeni?" Akamgeukia mnunuzi. "Bwana, leo siuzi. Ukipenda, rudi. Usipopenda, nenda kwa amani."

Yule bwana akaondoka amenuna, akisema magari ni mengi. Mimi nikalitazama lile paa, nikakosa pa kuweka uso.

Nikabaki nikafanya kazi. Nilipofungua magurudumu nikakuta raba za breki zimekauka kama maganda ya korosho na paipu zimeliwa na kutu. Matairi yamejaa upepo, lakini yana nyufa za kuingia ukucha. Injini ndiyo iliyokumbukwa; mengine yote yalisahauliwa. Nikavibadilisha vyote, kimoja kimoja. Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu, na lenye kutu huvuma vilevile.

Mawingu ya masika yameshatanda, mnunuzi akatokea. "Nimeona mengi," akasema, "lakini hakuna aliyekataa kuniuzia."

Bi Mwanakombo akajifunga leso yake, akaketi kiti cha mbele. "Nawe fundi, panda. Aliyesema zima na apande."

Tukashuka, nami roho mkononi. Penye kona ya chini mnunuzi akakanyaga, gari likatulia kama ng'ombe aliyevutwa kamba. Bibi akateremka, akaligusa boneti kwa kiganja. "Haya, nenda salama." Kisha akaupanda mlima kwa miguu kurudi kwake, wala hakugeuka nyuma. Masika yale alilala pakavu.

Basi shika haya. Nyumba njema si mlango. Landrova yako imelala karibu na bahari, na chumvi hula kutoka chini huku rangi ikicheka juu. Ingia uvunguni, gonga chasisi kwa nyundo, palipooza patasema. Kanyaga breki kabla hujawasha, maana kuondoka kila mtu anajua, kusimama ndiyo kazi. Mwambie mnunuzi ubaya wa gari kabla ya uzuri wake, hata akienda zake. Na gari usiloweza kumpandisha mama yako ukalishusha naye mlima, usimuuzie mtoto wa mwenzio. Wakikuita mjinga, niletee mimi hao.

Mola akupe mikono isiyoogopa grisi, na mguu unaojua kujizuia. Utakaowauzia wafike kwao, wakutaje kwa heri. Amina.