Ardis Quamme na Muswada wa Duka la Dawa la Halsby

Ardis Quamme alipika chakula cha watoto wa shule kwa miaka kumi na tisa. Shule ilipounganishwa na ya mji wa jirani, jikoni pakafungwa. Watu walidhani sasa atakaa nyumbani afume soksi. Yeye akaenda kusoma usaidizi wa mfamasia, akiwa na miaka arobaini na saba, akikaa darasani na mabinti ambao aliwahi kuwapakulia viazi. Mumewe Verlyn alimcheka kidogo. Alipofaulu, Verlyn huyo huyo alikizungusha cheti chake kwa majirani kama picha ya mjukuu.

Mwaka huo huo mfamasia wetu alistaafu. Hakuna mwingine aliyetaka kuja Halsby, kuishi na watu mia sita na upepo. Duka letu la dawa lingekufa, lakini sheria ya jimbo ilituachia mlango. Myron Vetsch, mfamasia wa Gressen, maili arobaini na saba kutoka hapa, angelisimamia kwa kamera, na Ardis angefanya kazi ya mikono. Basi tukaishi hivyo miaka kumi na moja. Kila asubuhi saa tatu Ardis anafungua, anawasha skrini, anasema, "Habari za asubuhi, Myron, huku ni baridi." Myron anajibu, "Huku pia, Ardis. Tuanze."

Mimi ni jirani yake, na kanisani tunaosha vikombe pamoja. Ndiyo maana nilikuwemo garini siku ile ya Januari tulipokwenda Bismarck, mji mkuu wa jimbo letu.

Mbunge mmoja wa jimbo, Kent Ostlie, alikuwa amepeleka muswada. Ulisema kwamba duka la dawa lisifunguliwe hata saa moja kama mfamasia hayumo ndani kwa mwili wake. Kamera isihesabiwe. Hakuwa mtu mbaya, na nisingependa mtu amfikirie hivyo. Dada yake aliwahi kupewa vidonge visivyo vyake, huko mjini, akalazwa wiki tatu. Alikuwa na uchungu, na uchungu ukaandika sheria. Lakini muswada ukipita, duka letu limefungwa, na mtu wa insulini ataendesha maili arobaini na saba kwenye barafu.

"Myron ndiye atakayekwenda kusema," alisema mzee Palmer Eidem tulipokutana kanisani. Mzee Palmer ana miaka themanini na minne, amelima ngano maisha yake yote, na moyo wake unasukumwa na vidonge sita.

"Myron haendi popote," Ardis akamwambia. "Akitoka Gressen, duka lake linafungwa na la kwetu linafungwa. Utakunywa nini siku hiyo?"

"Basi nani?"

Ardis akaendelea kufuta kikombe ambacho kilikuwa kimekauka zamani. "Nitakwenda mimi. Jumatano tunafunga saa sita. Kikao ni saa nane na nusu."

"Utasema mbele ya wabunge? Wewe, uliyeomba radhi kwa mlango uliokugonga?"

"Nitasema, Palmer. Na wewe unakuja, ili waone moyo wenyewe."

Siku hiyo upepo ulikuwa ukifagia theluji juu ya barabara kama unga. Verlyn aliendesha, Palmer akakaa mbele kwa sababu ya miguu, mimi na Ardis nyuma. Niliomba kwa sauti tulipopita daraja. Palmer akasema, "Amina, na umwambie pia apunguze upepo," na Verlyn akamwambia anyamaze, asije akatukosesha baraka.

Chumba cha kamati kilikuwa kidogo kuliko nilivyotazamia. Wabunge kumi na nne, meza kama kiatu cha farasi, na katikati mwenyekiti, Bi. Rosella Heinle, mama wa nywele nyeupe aliyevaa sweta ya kijani. Kwetu kila muswada husikilizwa, na mtu yeyote anaruhusiwa kusimama. Kwanza wanaitwa wanaounga mkono, halafu wanaopinga, mwisho wale wasio na upande. Verlyn alibaki mlangoni na makoti yetu.

Ostlie, mjumbe wa kamati hiyo, alizungumza vizuri. Alipomtaja dada yake, Ardis aliyekuwa pembeni yangu akafumba macho. Najua alikuwa akimwombea.

"Sasa wanaopinga," mwenyekiti akasema.

Bwana mmoja kutoka magharibi ya jimbo alisimama akasoma karatasi kwa dakika nne, mambo ya asilimia, akakaa.

"Mwingine?" akauliza mwenyekiti.

Ardis akamgeukia Palmer, akasema kwa sauti ya chini. "Tangulia wewe, ni mkubwa."

"Hapana, wewe ndiye unayejua kazi."

"Tangulia, bwana."

"Yeyote mwingine?" mwenyekiti akarudia, akitupa jicho kwa watu wote.

Tulikaa kimya. Ninaona haya kuandika hivi, lakini ndivyo tulivyolelewa. Kwetu mtu akikukaribisha kahawa, mara ya kwanza unasema hapana, asante. Mara ya pili unasema usijisumbue. Mara ya tatu ndipo unasema basi, nusu kikombe. Anayedaka mara ya kwanza huonekana hana mama. Ardis alikuwa ameshika kingo za kiti, tayari kunyanyuka. Palmer alikuwa ameshavua kofia. Wote watatu tulikuwa tukingoja mara ya tatu.

"Nafunga upande wa wanaopinga," akasema Bi. Heinle, akaandika.

Palmer akageuka mwekundu hadi masikioni. "Amefunga," akanong'ona. "Ardis, amefunga!"

"Nimesikia."

"Maili mia na kumi tumekuja kukaa kwenye viti?"

Nikamshika Ardis mkono. Mwenyekiti akaendelea, "Na wasio na upande? Kuna mtu?"

Ardis akasimama. Hakungoja aitwe mara ya pili, wala hakututazama. Alikwenda hadi kwenye kipaza sauti, akataja jina lake na mji wake, akaandika kwenye karatasi kama inavyotakiwa.

"Mama Quamme," akasema mwenyekiti akiinua miwani, "hii ni zamu ya wasioegemea upande. Wewe huna upande?"

Hapo ndipo nilipomwogopea. Neno moja tu la uongo lingemtosha, na lilikuwa jepesi.

"Nina upande, Mwenyekiti," akasema. "Napinga. Lakini nilikuwa nangoja uniulize mara ya tatu."

Kicheko kilianza kwa mbunge mmoja wa pembeni, kikazunguka meza nzima. Hata Ostlie alitazama chini akitabasamu. Mwenyekiti aligonga meza kwa kalamu, lakini taratibu.

"Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Angekufa kwa kiu nyumbani kwa watu. Lakini zamu nimeshaifunga, na siifungui kwa ajili ya mmoja nikawanyima wengine. Nitakuruhusu hivi: tueleze kazi yako ilivyo. Usituambie tupige kura vipi. Ukigusa kura, nakukalisha."

"Sawa, Mwenyekiti. Nitasema kazi tu."

Akasema kazi tu. Agizo la daktari linaingia kwenye kompyuta. Anatoa chupa rafuni, anahesabu vidonge, anaviweka kwenye sahani nyeupe chini ya kamera, kando yake chupa vilikotoka na lile agizo. Myron kule Gressen anatazama rangi, umbo, namba iliyochorwa juu ya kidonge. Akisema ndiyo, vinafungwa. Asiposema, havisogei. Halafu mgonjwa anaingia kachumba kenye skrini, anafunga mlango, anaongea na Myron uso kwa uso, hata kama dawa hiyo ameinywa miaka ishirini. Bila hayo mazungumzo, mfuko hautoki.

Ostlie aliomba kuuliza. "Na mtandao ukikatika?"

"Nafunga dirisha la dawa."

"Mtu akikuomba? Mtu unayemjua?"

"Machi iliyopita ulikatika kwa muda wa saa mbili na dakika kumi, bwana. Mume wangu alikuwa akingoja vidonge vya moyo. Viko kwenye sahani, naviona, anaviona. Alisoma gazeti lile lile mara tatu. Yule pale mlangoni, mwulize kama nilimpa."

Verlyn akatikisa kichwa na makoti yake mikononi. "Hakunipa," akasema. "Wala hakunionea huruma."

"Mume wako asizungumze," akasema mwenyekiti, lakini hakuwa amekasirika.

Ostlie hakucheka safari hii. Aliegemea mbele. "Mama, umewahi kukosea?"

Palmer alinibana kiwiko. Nikasema moyoni, Bwana, mpe neno.

"Ndiyo," akasema Ardis. "Mara nne katika miaka kumi na moja. Mara tatu nilitoa dawa yenyewe lakini ya nguvu isiyoagizwa, mara moja nilichukua chupa ya jirani yake rafuni, majina yanafanana. Zote nne Myron aliziona kwenye kamera kabla hazijafungwa. Tunaziandika, tarehe na saa. Daftari ninalo hapa. Hakuna hata moja iliyotoka mlangoni."

Alilitoa mkobani, daftari la bluu, akalikabidhi kwa karani. Likapita mkono kwa mkono hadi kwa Ostlie. Alilisoma kwa muda mrefu, akigeuza kurasa.

"Dada yangu alipewa dawa na mtu aliyekuwa peke yake siku hiyo," akasema mwishowe, zaidi kama anajiambia. "Mfamasia wa kweli, ndani ya duka. Hakuna aliyemtazama."

"Nasikitika sana," Ardis akamjibu. "Nimekuwa nikimwombea tangu ulipoanza kusema. Anaendeleaje sasa?"

"Anaendelea vizuri," akasema Ostlie. "Asante kwa kuuliza."

Ardis akarudi kukaa. 

Wiki iliyofuata kamati iliubadili muswada, na aliyeleta mabadiliko ni Ostlie mwenyewe. Maduka ya kamera yaendelee. Mfamasia aje mwenyewe mara moja kila mwezi kukagua rafu. Na kila duka la dawa katika jimbo, la kamera na lisilo la kamera, liandike makosa yaliyonaswa kama lile daftari la bluu, na Bodi ya Famasi ya jimbo, inayotoa leseni, iyasome. Kabla hatujajua kitakachotokea kwenye ukumbi mkubwa, bunge zima likipiga kura, Ardis aliendelea kuagiza dawa za mwezi mzima. Myron akamwuliza kwenye skrini kama hilo ni jambo la busara. "Watu wataumwa Machi kama walivyoumwa Februari," akamjibu. "Naagiza."

Siku ya kura tulijazana dukani, watu kama ishirini, tukitazama bunge kwenye simu ya Verlyn iliyoegemezwa kwenye mizani. Taa za kijani zikawaka ubaoni: themanini na tatu kwa tisa. Wiki chache baadaye Seneti nayo ikapitisha, na gavana akatia sahihi.

Siku ile ya kura dukani watu walipiga makofi. Mtu alileta biskuti za maboga. Ardis alisema asanteni, akanawa mikono, akarudi kwenye sahani yake nyeupe, kwa sababu agizo la mzee Palmer lilikuwa limeshaingia.

"Ni sawa," ikasema sauti ya Myron kutoka Gressen. "Mwambie aingie."

Palmer aliingia kachumbani akasahau kufunga mlango, kama kawaida yake.

"Miguu inavimba tena, Myron!" tukamsikia sote hadi barabarani. "Hii ya kulia! Subiri nivue soksi uone!"

"Mlango, Palmer," akasema Ardis, akaenda kumfungia.